Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa kuhusu nguzo zinazobeba mhuri wangu

Kwa: Mkurugenzi wa Manispaa

YAH: SAKAFU ZILIZOONGEZWA JUU YA NGUZO NILIZOZIPIGIA HESABU, NA UKAGUZI WA NGUZO KABLA YA ZEGE KUMWAGWA

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne kwako juu ya jambo hili hili. Tatu za kwanza nilizileta masjala kwa mkono wangu, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, nami nikabaki na nakala. Ya kwanza haikujibiwa. Kwa ya pili nilipigiwa simu nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu niliifuatilia mara nne, na mara ya mwisho nikaelezwa kwamba faili limehamia idara nyingine na aliyenalo yuko likizo. Katika kipindi hicho chote, jengo ninalolilalamikia limepanda sakafu mbili zaidi.

Silitaji jengo, wala mwenye jengo, wala mtaa. Wewe unalo faili mezani, unalijua. Sitaki mtu yeyote akafanyiwe fujo kwa sababu ya barua hii. Ila watu wanalala mle ndani na wengine wanafungua maduka chini yake kila asubuhi, na kimya cha ofisi kimefika mahali ambapo mimi kuendelea kunyamaza ni kushiriki.

Mimi ni mhandisi wa majengo niliyesajiliwa. Nguzo za jengo hilo nilizipigia hesabu mimi. Mwenye jengo alikuja na kiwanja chake na wazo lake: maduka chini, ghorofa mbili za kupangisha juu, na paa la zege. Jumla slabu tatu, yaani sakafu tatu za zege zinazobebwa na nguzo. Aliniomba nguzo zisitokeze nje ya ukuta, zifichwe kwenye tofali la inchi tisa, kwa sababu nguzo iliyotokeza chumbani inamsumbua mpangaji anapopanga kabati. Nikampa nguzo za milimita 230 kwa 230, zenye nondo nne za milimita 16, ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo) za milimita 8 kila baada ya milimita 150, zege la daraja la 25, ambacho ni kipimo cha nguvu yake. Kwa slabu tatu zinatosha, na ziada inabaki. Michoro nikaigonga mhuri, ikapita ofisini kwako, kibali kikatoka. Nilipomuuliza kuhusu usimamizi, alisema fundi wake ana uzoefu wa miaka mingi na hahitaji kulipa mhandisi wa kusimama na kuangalia. Nikaondoka. Hapo nina deni langu mwenyewe: nilipaswa kuandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kwanza kwamba nguzo hizi haziongezwi hata slabu moja bila hesabu mpya. Sikuandika, na hilo linanikosesha usingizi.

Baada ya muda nilipita barabara ile nikaona mirunda, ile miti ya kuegemeza, imesimamishwa juu ya slabu ya nne. Jina langu lilikuwa bado kwenye kibao cha mradi pale mbele, kwenye mstari wa mhandisi. Leo slabu ya tano imekwishakauka na mbao za ya sita zinafungwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uzito uliopo umeshapita nguvu ya nguzo kwa mujibu wa kanuni.

Niruhusu niweke hesabu wazi, kwa sababu kila mara nikiieleza kwa mdomo naambiwa ni mambo ya kitaalamu mno. Chukua nguzo moja ya katikati, ya chini kabisa. Inabeba eneo la mita 4 kwa mita 4 katika kila slabu. Ukijumlisha uzito wa zege lenyewe, kuta za tofali, lipu na vigae, pamoja na watu na vitu vyao, kisha ukaongeza ziada ya usalama inayodaiwa na kanuni, kila slabu inaishushia nguzo hiyo karibu tani 20. Slabu tatu ni tani 60. Sasa nguvu ya nguzo: kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya ujenzi wa zege, ambayo wengi wetu tuliisomea chuoni na ofisi nyingi bado zinaitumia ingawa Uingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010, zege hilo na nondo hizo vinabeba karibu tani 73. Mzigo wa tani 60 dhidi ya nguvu ya tani 73: sawa.

Slabu tano ni tani 100. Slabu sita ni tani 120. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumalizia hesabu hii.

2. Ringi zimefungwa kwa umbali maradufu ya nilioandika.

Nilipanda mwenyewe. Mlinzi ananifahamu, akanifungulia. Ilikuwa jioni, mafundi wanakusanya vifaa, na nguzo za ghorofa ya nne zilikuwa bado nondo tupu, hazijafungwa mbao. Nikatoa tepu. Ringi ya kwanza hadi ya pili: milimita 290. Ya pili hadi ya tatu: 310. Ya tatu hadi ya nne: 300. Pale nguzo inapokutana na boriti, mahali penye kazi kubwa kuliko pote, hapakuwa na ringi hata moja, kwa sababu nondo za boriti zimejazana pale na kuingiza ringi ni tabu.

Kijana aliyekuwa akifunga nondo hakunificha. Aliniambia, "Injinia, sisi tumefunga hivi tangu chini. Bosi alisema chuma kimepanda bei."

Tangu chini, Ndugu Mkurugenzi. Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Watu wengi wanadhani ringi ni kamba tu ya kushikilia nondo zisianguke kabla ya zege. Chukua ufito, usimamishe sakafuni, ukandamize kwa kiganja kutoka juu. Haupondeki. Unapinda katikati, ghafla, unakuruka mkononi. Nondo ndani ya nguzo nayo inataka kufanya hivyo hivyo kila saa ya maisha yake, na kinachoizuia ni ringi. Kwa ufito mwembamba, ukiongeza umbali kati ya mahali unaposhikwa mara mbili, nguvu yake ya kukataa kupinda inabaki robo. Ndiyo maana kanuni inasema ringi zisiachane zaidi ya mara 12 ya unene wa nondo ndogo kuliko zote. Kwa nondo ya milimita 16, hiyo ni milimita 192 tu. Kazi ya pili ya ringi ni kulikumbatia zege la ndani lisitawanyike linapoanza kupondeka. Nguzo yenye ringi za kutosha ikizidiwa hubanduka ngozi ya nje kwanza, na watu wanaweza kupata muda wa kutoka. Isiyo na ringi inapasuka kwa mara moja.

3. Bomba la maji machafu limepitishwa ndani ya nguzo.

Hili si la jengo moja. Mji mzima unafanya hivi, kwa sababu bomba linaloshuka nje ya ukuta linaonekana baya. Kwenye jengo hili nguzo mbili za upande wa nyuma zina bomba la inchi nne katikati yake. Bomba la milimita 110 linachukua karibu asilimia 18 ya zege la nguzo ya 230 kwa 230. Na haliishii hapo: bomba likiwa katikati, nondo zinasukumwa pembeni, kokoto hazipiti kati ya bomba na mbao, na chini kunabaki mapengo. Kwenye mguu wa nguzo mojawapo, nyuma ya duka la wakala wa pesa za simu, zege limetoka matundu kama sega la nyuki. Nilichomeka kalamu yangu ya risasi, ikaingia nusu nzima. Bomba likivuja, na siku moja litavuja, maji yake yataifikia nondo kabla ya mtu yeyote kuona unyevu ukutani.

4. Zege halijapimwa hata siku moja.

Niliomba majibu ya kuvunja vipande vya mchemraba, vile vya sentimita 15 kila upande vinavyovunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Hakuna. Nilichokiona kwa macho ni kijana akiongeza ndoo nzima ya lita 20 kwenye mchanganyiko wa mfuko mmoja wa saruji, juu ya maji yaliyokwishawekwa, ili zege liteleze vizuri kwenye mbao. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25 za maji hutoa zege zuri. Ukipewa lita 45, nguvu inashuka kwa nusu na zaidi. Na juu, zege lilikuwa likimwagwa kutoka kimo cha mita tatu na kushindiliwa kwa kijiti cha mti. Hapakuwa na vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lijae bila mapengo.

5. Ofisi yako imekagua uzio, haikukagua nguzo.

Hapa ndipo lalamiko langu kwako linapokuwa lako hasa, si la mwenye jengo. Watu wako wamefika pale. Wamefika zaidi ya mara moja. Waliupiga uzio alama ya X nyekundu kwa sababu umeingia kwenye hifadhi ya barabara kwa chini ya mita moja, na mwenye jengo akaubomoa akaurudisha nyuma ndani ya wiki. Kwa hiyo ofisi inaweza. Ilipotaka kitu kibomolewe, kilibomolewa. Lakini mkaguzi aliyesimama pale na tepu mkononi kupima uzio hakuinua macho kuhesabu slabu, na kibali alichokishika kinasema tatu.

Kibali chenyewe kina sharti kwamba manispaa iarifiwe kabla ya kila hatua. Mwenye jengo hakuarifu, na hakuna aliyemuuliza kwa nini miezi inapita bila taarifa wakati zege linamwagwa kando ya barabara mchana kweupe.

Nguzo ina tabia moja inayoitofautisha na boriti, na ningeomba kila mkaguzi wako aifahamu. Boriti ikizidiwa, inalalama. Inapinda, inapata nyufa kwa chini, vigae vinapasuka, mlango unakwama. Mtu anaona, anaita fundi, fundi anaita mhandisi. Tuna methali ya ufa na ukuta, na kwa kuta ni kweli tupu. Nguzo fupi yenye mzigo mzito haikuonyeshi ufa wa kuziba. Inabeba, inabeba, kisha inapondeka, na chote kilichokuwa juu yake kinashuka pamoja. Kwa hiyo saa ya kuikagua nguzo ni moja tu: nondo zikiwa zimefungwa, mbao hazijafungwa, zege halijafika. Zege likishamwagwa, kila kosa limezikwa, na kuligundua kunahitaji mashine na fedha. Saa hiyo moja ndiyo ambayo ofisi yako haipo.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu baadhi nimeshapewa.

La kwanza ni kwamba jengo limesimama, halina ufa, kwa nini niwatie watu hofu. Limesimama kwa sababu ya ile ziada ya usalama ambayo sisi wahandisi tunaiweka kwa ajili ya mambo tusiyoyajua. Nitaifungua ziada hiyo uione. Uzito halisi wa slabu moja kwenye ile nguzo ya katikati, bila ziada yoyote, ni karibu tani 13. Slabu tano ni tani 65, na ya sita itafikisha tani 78. Nguvu halisi ya nguzo niliyoichora, bila kupunguza chochote, ni zaidi ya tani 120. Hiyo ndiyo siri ya jengo kusimama. Lakini kama zege limetoka na nusu ya nguvu, nguzo ya aina hiyo yenye bomba tumboni inabaki na karibu tani 74, hapo bado hatujazungumzia ringi, wala nguzo iliyoinama kidogo, wala mpangaji atakayejaza mifuko ya saruji stoo. Linganisha 74 na 78. Sisemi ndiyo hali ilivyo pale leo. Sijui nguvu ya zege lile kwa sababu hakuna aliyelipima. Nasema kwamba kusimama kwake hakutuambii limebakiwa na ziada kiasi gani.

Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, lilisimama karibu miaka mitano. Nguzo zilizochorwa kwa kipenyo cha sentimita 80 zilijengwa kwa sentimita 60, na ghorofa ya tano ikaongezwa ambayo haikuwemo. Wateja waliingia na kutoka kila siku. Tarehe 29 Juni 1995 likaanguka na kuua watu 502. Hata hapa kwetu hatuhitaji kwenda Korea. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, watu 36 wakafa, na baadaye ikaelezwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa pungufu ya hizo. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 tulikesha na ghorofa lililoanguka Kariakoo, tukisikia kuwa watu walio chini ya kifusi bado wanaongea na waokoaji. Majirani zetu wa Nairobi wana jengo lililoanguka mtaa wa Huruma Aprili 2016. Chanzo cha kila jengo kilikuwa na sura yake, sivichanganyi. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya kila moja tulisikia maneno yale yale ya kuunda tume.

Jibu la pili ni kwamba manispaa haina wahandisi wa kutosha. Naamini. Nimewaona wenzangu ofisini kwako, wanafanya kazi ya watu watano kila mmoja. Lakini kukagua nguzo za ghorofa moja kabla ya zege ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye tepu na mchoro. Unahesabu nondo, unapima unene wake, unapima umbali wa ringi juu, katikati na chini, unaangalia kama nondo imeachiwa nafasi ya kufunikwa na zege pande zote, unaangalia kama kuna bomba. Mambo saba au nane ya kuangalia, basi. Na pale ambapo mtu wa manispaa hayupo, wahandisi binafsi waliosajiliwa wapo, mwenye jengo amlipe mmoja asaini, na saini hiyo imfunge kisheria. Anayejenga ghorofa hawezi kusema amekosa fedha ya nusu saa.

La tatu limenigusa zaidi, nami sitalipuuza. Niliambiwa: ukifunga jengo, wapangaji watapoteza riziki. Chini ya slabu zile kuna mama anayeuza chapati na maharage tangu saa kumi na moja alfajiri, kuna fundi cherehani na vijana wake wawili, kuna duka la dawa. Nimewanunulia, nimekaa nao. Nimemweleza mama yule ninayoyaeleza hapa, akaniuliza, "Sasa mwanangu, nihamie wapi na kodi ya miezi sita nimeshalipa?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu liko kwako na kwa mwenye jengo aliyeipokea kodi hiyo. Arudishiwe. Hata hivyo kufunga si lazima kuwe kwa jengo zima milele. Kuna hatua kabla ya hapo, nazitaja chini.

Na la nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba ajali ni mipango ya Mungu. Mimi ni mtu wa kusali. Sijaona popote ambapo Mungu aliagiza ringi ziachane milimita 300.

Ninachokuomba, Ndugu Mkurugenzi, kiko wazi na kina tarehe.

Kesho asubuhi, kazi ya slabu ya sita isimame. Hili halihitaji kikao, kibali kilishasema tatu. Mbao na mirunda iliyoko juu ishushwe, kwa sababu zege bichi la slabu ya sita ni mzigo kamili hata kabla halijawa na faida kwa mtu yeyote.

Ndani ya siku saba, sakafu ya nne na ya tano zisikaliwe wala zisiwekwe mizigo, na nguzo zote za chini zisaidiwe kwa vyuma vya kuegemeza vilivyopangwa na mhandisi, si mirunda ya kubahatisha. Wale wa maduka ya chini wahamishwe kwa muda kwa gharama ya mwenye jengo.

Ndani ya siku 14, nguzo zipimwe. Kuna kifaa cha kusoma nondo ndani ya zege bila kuvunja, kitatuambia ringi ziko wapi. Kuna nyundo ya kupima ugumu wa uso wa zege, ambayo peke yake haitoshi lakini inaonyesha wapi pa kuchimba. Na kuna kuchimba kipande cha zege chenyewe na kukivunja maabara. Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, wapangaji wayasome. Nguzo zikionekana zinaweza kuokolewa, zipo njia: kuivalisha nguzo koti jipya la zege lenye nondo na ringi zake, kuanzia kwenye msingi, baada ya msingi nao kuhakikiwa. Zikionekana haziwezi, sakafu za juu zishushwe kwa utaratibu, kutoka juu kuja chini.

Kwa manispaa nzima, naomba utoe agizo la maandishi: hakuna nguzo ya jengo la ghorofa itakayomwagiwa zege kabla ya fomu yake ya ukaguzi kusainiwa na mhandisi mwenye namba ya usajili, na picha za nondo zikiwa na tepu zimeambatanishwa kwenye faili la kibali. Hakuna bomba ndani ya nguzo. Hakuna slabu ya ziada bila hesabu mpya za kuanzia msingi. Na namba ya slabu zilizoruhusiwa iandikwe kwenye kibao cha mradi kwa tarakimu kubwa, ili hata mpita njia aweze kuhesabu na kuuliza.

Kuhusu mimi mwenyewe: natamka hadharani kwamba mhuri wangu kwenye michoro ile unahusu slabu tatu, na chochote kilichojengwa juu ya hapo hakina idhini yangu. Barua ya kutamka hivyo nimeshaipeleka pia kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kama wataona nilikosea kutosisitiza usimamizi, niko tayari kuhojiwa na kuwajibika.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa masjala kwako nikiwa na michoro ya awali, karatasi zangu za hesabu, picha za ringi zenye tepu na nakala za barua zangu tatu. Sitadai malipo ya siku hiyo wala ya siku zitakazofuata. Nipe gari na mhandisi wako mmoja, na kabla ya adhuhuri tutakuwa tumepima nguzo zote za chini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhandisi mwenye mhuri ulioko kwenye michoro hiyo

Nakala kwa: Mkuu wa Wilaya, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wapangaji wa jengo.